Supu ya Njau na Ulimi Mpya wa Kaleli

Kwa Kaleli, kinachoonekana kwanza si mdomo. Ni mkono wa kushoto: juu kidogo ya kiganja kuna kibonde cha mraba, ngozi yake nyembamba, inang'aa. Wageni wanaokuja kumjulia hali hapa mtaani Landless hukikodolea macho, kisha hujifanya wanatazama ukuta. Kaleli huwadharau wote.

Kwa miaka mingi alipika na kuuza supu ya kichwa cha mbuzi, akiionja ikitokota. Kwa hiyo kidonda kilipotokea ubavuni mwa ulimi, alisema ni supu imemchoma, akaendelea kuonja mpaka damu ikabaki kwenye kijiko. Ilikuwa saratani. Madaktari waliikata pamoja na nusu ya ulimi, wakatwaa ngozi ya mkono na mishipa yake ya damu, wakaishona pale palipobaki wazi. Kibonde cha mkono wakakiziba kwa ngozi ya paja.

Kiraka kimeshika. Ila bado analishwa kwa mpira wa puani, na hajui kama koo litakubali kumeza tena.

Jana alikuja Njau, mpika supu mwenzake wa mtaa wa Gatongora, na thamosi kwapani.

"Kwa hivyo siku hizi unaongea na mkono?" akacheka. "Ukijiuma ulimi, unafunga bandeji wapi?"

"Usimpe kitu," alionya Syokau, mkewe Kaleli. "Ikipita njia ya pumzi itamuua."

"Ai, mama, tone moja tu! Mgonjwa gani hukataa supu?"

Akafungua kifuniko. Mvuke ukamfikia Kaleli, naye hakuhitaji ulimi kuujua: viungo vya pakiti, mafuta yaliyokwisha kukaangiwa chipsi, na kichwa ambacho hakikubabuliwa manyoya sawasawa. Mtu aliwauzia watu maji haya, na watu wakalipa!

"Njau," alisema, maneno yakimtoka mazito, yamelowa mate. "Mimi nimekatwa nusu. Wewe ulizaliwa bila."

Syokau alicheka hadi akashika meza. Njau alifunga thamosi yake, akakumbuka ghafla kwamba ana wateja.

Kesho daktari atamnywesha Kaleli kijiko cha maji ya rangi, aone yatashuka njia ipi. Yakishuka sawa, mpira utatolewa. Kichwa cha mbuzi kimeshanunuliwa. Syokau yuko nje anakibabua, na mumewe, dirishani, anamkaripia kwamba masikio bado yana manyoya. Kisha anameza mate, anatulia, anasikiliza koo lake, anameza tena.