Kifundo Kisichozunguka

Ipo siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo hunijia kila ninapomwona kijana anaona aibu kusema amekosea. Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa nimetoka sekondari, naringa, nimeajiriwa na Mzee Athumani, mwenye studio ya picha pale Mwingi. Alinikabidhi kamera yake ya thamani: haina betri, ni vyuma na springi tu, na ndani kioo kinachokuonyesha, kupitia lenzi ile ile, kitakachoingia kwenye filamu.

Alinituma kijijini Zombe kwa mjane mmoja, Mwaitu Kalekye, yaani Mama Kalekye kwa Kikamba. Mama huyo alitaka picha moja na wanawe wote watatu, maana kitindamimba wake, Kyalo, alikuwa anaondoka kesho yake kwenda kufanya kazi melini.

Nilipiga ya kwanza. Nilipovuta filamu, nikaona kifundo cha juu ya kamera, kile cha kuirudishia filamu, kimetulia. Kilipaswa kuzunguka. Kikitulia, filamu haijashika, unapiga hewa. Ningeweza kufungua kamera nikaipachika upya, kazi ya dakika chache. Lakini majirani walikuwa wamejaa uani, na Kyalo akacheka, "Vipi, mwalimu wa picha, imekushinda?"

"Inishinde mimi? Hebu tulieni!" nikasema, nikaendelea kubonyeza mpaka mwisho.

Tulipoisafisha studioni, filamu ilitoka tupu.

"Kifundo ulikiona?" akauliza Mzee Athumani.

"Nilikiona, mzee."

"Basi kamera ilikwambia. Asubuhi panda lori, ukawaambie kwa mdomo wako."

Nilikwenda. Kyalo alikuwa ameshaondoka. Nilisema yote, bila kuilaumu kamera. Kaka mkubwa alitaka kunifukuza, mama akamzuia.

"Si amerudi? Apige."

Akaketi. Wanawe wawili walipomsogelea, akanyoosha mkono. "Msisimame hapo. Hapo ni pa Kyalo."

Safari hii nilihakikisha kifundo kinazunguka, ndipo nikapiga. Kyalo hakurudi kutoka baharini. Picha ipo kwao hadi leo, na nafasi ile imebaki wazi kando ya mama yake.

Mwanangu, ukijua kazi imeharibika mikononi mwako, simama hapo hapo. Wakutazame, wacheke wakitaka. Fungua, anza upya. Ningefanya hivyo siku ile, aibu yangu ingeisha kabla chai haijapoa. Na ukishindwa kusimama, basi rudi ukaseme, hata kama kilichopotea hakirudi.

Mungu akupe ujasiri huo mapema kuliko alivyonipa mimi, na kila anayekuamini asijute.