Sponji Chini ya Kifuniko

Shangazi yangu alipiga gitaa la besi katika bendi ya ukumbi wa dansi tangu akiwa msichana, na bendi hiyo haikuwahi kurekodi hata wimbo mmoja. Gitaa lenyewe lilikuwa la kizamani, bapa kama ubao wa kukatia mboga. Chini ya nyuzi palikuwa na kijibao cha kuegemeza vidole, maana waliolibuni walidhani besi itapigwa kwa dole gumba, na shangazi akalizoea hivyo hivyo. Nyuzi zilikuwa laini, hazikwaruzi. Pale zinapofungwa palikuwa na kifuniko cha chuma, na ndani yake sponji iliyozibana, kila mlio ukatoka mfupi, mzito: du, kisha kimya. Mpiga ngoma wao akambatiza Mama Du.

Uzeeni, studio moja ikawaita. Mpiga ngoma alikuwa hoi kitandani, akatuma salamu: "Mama Du, nenda. Nataka nikusikie kabla sijaondoka."

Shangazi akaona aibu kwenda na gitaa "lililochakaa kama mimi." Akafungua kifuniko, akakuta sponji inapukutika, akaitupa. Akafunga nyuzi mpya za kisasa, zenye kukwaruza.

"Shangazi, ungeuliza kwanza."

"Nikuulize wewe? Nimeanza kulipiga baba yako anatambaa!"

Studioni kila mlio ukaburuta mkia mrefu. Fundi mitambo akashangilia, "Mama, unapiga kama kijana!" Nilimwona shangazi akisita, dole gumba limeelea juu ya uzi. Alijua. Lakini wenzake walikuwa tayari, wanamsubiri yeye. Akatabasamu, akapiga mpaka mwisho.

Hasira yangu haimhusu yeye. Nani alitufundisha kuonea haya kila kilichozeekea mikononi mwetu? Tunang'arisha, tunabadilisha, halafu tunaulizana ladha imekwenda wapi.

Tulimpelekea mgonjwa ule wimbo kwenye simu. Alisikiliza, vidole vikigonga shuka. Ulipokwisha akamgeukia shangazi.

"Wimbo mtamu. Ila besi kapiga kijana gani? Wewe walikunyima nafasi?"

Shangazi alimweka sawa mto.

"Kijana mmoja wa pale pale studio."

"Mikono anayo, ila domo kaya. Hajui kunyamaza." Akamshika mkono. "Pole, Mama Du."

Shangazi akaipokea pole yake, akaniashiria nizime simu.