Theluji Kwenye Barabara ya Sikonge

Kwa habari za theluji, niachieni mimi. Sijawahi kuikanyaga, lakini niliifundisha katika kijiji kimoja kwenye barabara ya Sikonge, miaka ile ya Ujamaa, na niliifundisha vizuri.

Nilikuwa msichana wa mjini, binti wa fundi cherehani wa mtaa wa Mtendeni, nimepelekwa kufundisha kisomo cha watu wazima. Darasa letu lilikuwa ndani ya banda la kukaushia tumbaku. Nilipowaambia wanafunzi wangu, wakulima na warina asali, kwamba theluji yenyewe haina rangi, ila mwanga ndio unaoifanya ionekane nyeupe, walicheka mpaka wakashika mbavu. Niliposema chembe zake zina pembe sita, wakauliza nani aliyezihesabu. Nilipofika kwenye lile bara la kusini kabisa mwa dunia, ambako kuna mahali baridi imezidi na hewa ni kavu hata theluji yenyewe huanguka kwa nadra, mzee mmoja akasema, "Mwalimu, leo umetupiga kamba." Sikujali. Utani wao nilikuwa nimeuzoea, na kitabu changu cha jiografia nilikiamini.

Mtu mmoja tu hakucheka. Alikuwa mama mjane, na mwanawe wa pekee alikuwa Moscow akisomea udaktari. Siku ile alikusanya vitu vyake akaondoka, asirudi tena darasani. Baada ya wiki kadhaa jirani yake akanieleza kisa. Tangu asikie habari za theluji, yule mama halali kitandani wala hawashi moto ndani. Babu yake alikuwa pagazi wa misafara ya pwani, na katika ukoo wao, msafiri akiwa njiani, aliyebaki nyumbani hujinyima kile anachokikosa msafiri. Bibi yake alilala chini mpaka mumewe aliporudi. Sasa mjukuu alikuwa akilala kwenye sakafu ya udongo katikati ya masika, na kifua kilikuwa kimeshaanza kumbana.

Nilikasirika, na nilikasirika kwa sababu niliogopa. Kijana angerudi daktari akute kaburi. Jioni hiyohiyo nikaenda kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Usiniletee tena theluji yako."

"Ndiyo niliyokuja nayo."

Nikamwambia kwamba theluji huifunika ardhi kama blanketi, na mbegu zilizo chini yake zikanusurika na baridi. Nikamwambia kuna watu hujenga nyumba kwa theluji yenyewe, wakalala ndani wakapata joto. Alinitazama kwa huruma, kama anayemtazama mgonjwa wa homa, kisha akakohoa kwa muda mrefu. Nikaona kitabu hakitanifikisha. Nikaanza upya, safari hii kwa desturi ya kwao.

"Mama, mwanao halali nje. Nyumba za Moscow zina mabomba ya maji ya moto, majira yote ya baridi. Watu wakiwa ndani wanavaa shati tu. Wewe ukijilaza kwenye baridi, hupo pamoja naye. Umemwacha peke yake kwenye joto."

Mvua ilikuwa ikipiga paa la nyasi.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Nilikuwa nayo kweli, na hata ningekuwa sina ningejibu vivyo hivyo.

Akainuka, akaenda kwa jirani, akarudi na makaa kwenye kigae. Akapuliza mpaka kuni zikashika, moshi ukamtoa machozi, au labda haukuwa moshi. Kisha akaniuliza, bila kugeuka, "Na huko aliko, sasa hivi ni saa ngapi?"

"Saa moja jioni, kama hapa. Saa za Moscow na zetu ni zilezile."

Halafu akateleka sufuria ya maji ya ugali.

"Basi naye ndiyo anapika," akasema. "Kaa, mwalimu. Tutakula pamoja naye."