Makongoro ya Ayi

Kuna siku moja naikumbuka kila nikisikia harufu ya tangawizi, mwanangu, na leo nakuhadithia kwa sababu ya neno uliloniambia jana: kwamba jirani yako Mchina hukuletea chakula, unakipokea kwa tabasamu, akishageuka unakimwaga. Uliniambia huku unacheka. Mimi sikucheka. Tulia unisikilize.

Ulikuwa na siku chache tu duniani. Baba yako alikuwa amefuatana na mzigo kwenda Dar, nami nimebaki peke yangu hapa China, mtaa wa Xiaobei, chumba cha ghorofani, mwili mbichi, maziwa yanatoka kwa shida. Kwetu mzazi haachwi hivyo. Mama yupo, shangazi yupo, uji wa pilipili manga uko motoni tangu alfajiri. Mimi nilikuwa nachemsha tambi za pakiti, wallahi, nazila nimesimama na wewe begani.

Mwenye nyumba alikuwa mama wa hapahapa Guangzhou. Sote tulimwita Ayi, ndivyo wanavyomwita shangazi. Mkali kwelikweli, ukiacha viatu kwenye ngazi utavikuta jalalani. Asubuhi moja akaja na chungu kimefunikwa kwa taulo. Wanawake wa huku kusini, mtu akijifungua, humpikia miguu ya nguruwe kwa tangawizi na siki nyeusi, wanaichemsha mpaka jengo zima linajua kuna mzazi. Ayi alinipikia mimi, mpangaji tu. Nilipochungulia ndani, nikairudisha taulo haraka.

Bi Zuhura, mfanyabiashara wa mikoba kutoka Unguja, alikuwa amekuja kukuogesha. Nikamnong'oneza kwamba nitapokea, kisha nitamwaga chooni, kwani Ayi akiudhika akanifukuza, nitakwenda wapi na kichanga? Bi Zuhura hakuinua hata macho kwenye beseni.

"Ukimwaga, kesho atakuuliza kwenye ngazi kama kilikukolea, nawe utamdanganya tena. Mwambie sasa hivi, anakutazama."

Nikamwambia. Kichina changu kilikuwa cha sokoni, cha bei na rangi na kukataa, nikakitumia chote: mimi Mwislamu, nyama hii sili, asante sana, usinikasirikie. Ayi akanitazama, akamtazama Bi Zuhura. Akachukua chungu chake, akateremka, nikasikia kandambili zake mpaka chini. Nililia, mwanangu. Nikaanza kukunja nguo zako na kuzitia kwenye mfuko.

Kesho yake mchana mlango ukagongwa. Ayi huyo, na nyuma yake Bi Zuhura anacheka. Kumbe Ayi alimfuata dukani kwake, akamshika mkono ampeleke kwa mchinjaji wa Kiislamu, akanunua makongoro ya ng'ombe. Tangawizi ileile, siki ileile, ila sufuria ni mpya, karatasi ya duka bado imebandikwa ubavuni. Akanionyesha ile karatasi kwa kidole, akatikisa kichwa, nijue kwamba humo hakijapikwa kitu kingine. Kisha akaketi ukingoni mwa kitanda mpaka nikamaliza bakuli.

"Sasa mtoto atashiba," akasema.

Nilipotoka arobaini nilimpikia wali wa nazi na mchuzi wa samaki, akawaita na dada zake. Tukawa watu wa nyumba moja hivyo, sahani inapanda, sahani inashuka. Hata alipougua ugonjwa wake wa mwisho, anakataa kila kitu, uji wangu aliunywa.

Sasa wewe, najua una shughuli. Asubuhi uko Shiling kwenye viwanda vya mikoba, jioni unafunga mizigo, chakula unaagiza kwa simu kinaletwa na kijana usiyemjua hata jina. Sikulaumu. Lakini aliyekupikia kwa mikono yake alianza kukuwaza tangu akiwa sokoni, na mtu kama huyo usimdanganye. Usichokula mwambie huli, kwa upole, halafu mwambie unakula nini. Nawe mpikie, hata chapati mbili tu.

Sufuria ya Ayi ninayo mpaka leo. Hata uji wako wa kwanza ulichemkia humo. Pitia jioni uichukue, kisha ukagonge kwa jirani yako umwambie ukweli. Mungu akulinde, mwanangu, akujaalie watu wa kukuwaza wakiwa sokoni, nawe usikose wa kumpikia.