Nilitumwa Maskati Nikakae na Mzazi, Sikukaa

Kosa ni langu. Nalisema mapema usije ukanihurumia bure, maana nikianza kusimulia huwa najipendelea.

Mimi nakaanga samaki Somanga, pale yanaposimama mabasi ya Dar na Lindi. Kazi ile imenilemaza. Basi likiwa mbele yangu, abiria wamenyoosha mikono dirishani, macho yangu yako barabarani kwa linalokuja. Nyumbani ni hivyo hivyo. Nikiosha vyombo nawaza kuni, nikichanja kuni nawaza arusi ya Ijumaa. Mama hunitania kwamba hata usingizini natembea.

Mdogo wangu Rukia ameolewa Maskati. Alipokaribia kujifungua mtoto wa kwanza, mama ndiye aliyepaswa kwenda. Kwetu mzazi hukandwa kwa maji ya moto, hufungwa mkaja tumboni, hupewa uji wa pilipili manga, na haachwi peke yake mpaka arobaini ipite. Lakini mama, anayekaa Kivinje, ana mtoto wa jicho, hata sura yangu haioni vizuri. Akanituma mimi, shemeji akaleta tiketi.

Nilipomwamkia siku ya kuondoka alinishika viganja vyote viwili. "Marahaba, mwanangu. Nenda ukawe macho yangu. Kaa na mdogo wako."

Mimi tena, nikakae! Hata kwenye ndege nilikuwa nawaza nikifika nitavaa nini kwenye picha ya kwanza.

Jamani, nilipiga picha! Nilipiga lifti, nikapiga bomba la maji moto, nikapiga jokofu limefunguliwa na limefungwa. Wa Somanga wakitaka kuona barabara, natoka. Wa Kivinje wakitaka kuona maduka, natoka tena. Nikifika ufukweni siioni bahari, naona tu watakavyosema nyumbani. Kisha nikirudi ndani naanza kuulizia biashara yangu, samaki wameisha au wamelala, nani kapita, nani kaniulizia.

Rukia alijifungua salama, na katika siku zile za arobaini kuna mchana mmoja haunitoki. Nilikuwa nimechemsha maji ya kumkanda Rukia, naye amejilaza mkekani na khanga yake ananisubiri. Simu ikaita, shoga zangu wote wako hewani. Nikaanza kuwatembeza nyumba nzima, vicheko hadi vyumbani.

"Dada, maji yamepoa."

Nikamwambia nayachemsha sasa hivi. Nikaenda jikoni, simu ikaita tena, safari hii ni msichana niliyemwachia karai langu, mafuta yamemwishia. Niliporudi Rukia alikuwa ameshakaa na kujifunga khanga yake. Akasema, "Basi, leo acha tu." Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kuupata mchana wangu. Nikavaa baibui nikaenda madukani.

Toka hapo akawa kimya. Ukimuuliza, anasema mzima. Nikawaambia wa nyumbani kwamba Rukia ameshakuwa bibi wa Kiarabu, haongei ovyo siku hizi. Tukacheka sana.

Arobaini ilipoisha nikarudi, mabegi yamejaa udi na simu imejaa video. Nikaenda moja kwa moja Kivinje kwa mama. Akakaa vizuri mkekani, akaanza kuniuliza. Mtoto mzito mkononi? Kichwa chake kinanukiaje? Akipiga miayo anafanana na nani?

Nikababaika. Mtoto wa watu nilimbeba kwa mkono mmoja siku zote, wa pili ulikuwa na simu. Nikamwambia mama asubiri, nimemletea kila kitu humu. Nikamwekea simu mbele ya uso, kana kwamba sijui macho yake yalivyo.

"Mimi sioni, mwanangu. Niwekee sauti."

Nikaongeza sauti. Kwenye video mimi ndiye ninayepiga kelele, namwambia mtoto amsalimie bibi yake wa Kivinje. Mama akatabasamu. Kisha tabasamu likaondoka, akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasogeza sikio mpaka likagusa kioo.

"Anayelia ni nani?"

Nikasema ni mtoto.

"Mtoto ananyonya, namsikia anavyovuta. Analia mtu mzima."

Nikaisikiliza mwenyewe. Chini ya kelele zangu, Rukia alikuwa analia taratibu, kilio cha mtu anayejiziba mdomo. Nilikuwa nimekaa naye kitanda kimoja. Ile video niliituma kwa watu wote ninaowajua, na hakuna hata mmoja aliyesikia.

"Wewe ulikuwa wapi?" mama akauliza.

"Nilikuwa hapo hapo, mama."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alinirudishia simu, akaomba nimsogezee maji ya kutawadhia.

Nilimpigia Rukia siku ile ile. Mwanzo alikataa, baadaye akasema. Siku zile alikuwa akimtazama mwanawe hahisi kitu, kama amebebeshwa mtoto wa jirani, na akawa anajiogopa. Alitaka kuniambia mimi, dada yake. Mwishowe alimwambia mama mmoja wa Unguja anayekaa ghorofa ya chini, ndiye akampeleka hospitali. Sasa hajambo, anampenda mwanawe.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nakusubiri ukae."

Mwezi uliopita alinipa habari kwamba ana mimba tena. Nikaruka, nikasema nakuja! Akanishukuru kwa adabu kubwa, akasema nisihangaike, yule mama wa Unguja ameshakubali kumkanda. Adabu ile iliniuma kuliko tusi. Mdogo wangu anazungumza nami kama mgeni.

Najifunza, lakini uzee umeshaingia kwenye tabia. Mama akianza kuongea, simu naitia kwenye ndoo ya unga na kufunika. Miguu inacheza, moyo unataka kutoka nje, nakaa. Jana alinisimulia habari ndefu ya mbuzi wa jirani nikaisikiliza mpaka mwisho.

Nimefuta picha zote za Maskati, nimebakisha ile video moja. Naiweka sikioni kila ninapojiona nimebadilika.

Nanyi mnaosafiri kwa ndugu zenu, bahari na maghorofa mtayakuta siku yoyote mtakayorudi. Maji yakiwa ya moto, mkandeni mtu wenu kabla hayajapoa.