Kupanda Ngong kwa Baisikeli

Nilitoka Kayole alfajiri, nikiwa nimeapa kupanda milima ya Ngong kwa baisikeli bila kushuka. Barabara ilikuwa kimya, mawe meusi ya volkano kando yake. Karibu na kilele miguu ilikataa, nikashuka.

Mama mmoja akanifikia, kuni mgongoni, kamba ya mzigo ikipita kwenye paji la uso.

"Kijana, umetoka wapi?"

"Kayole."

"Kumbe huko hamna milima! Shika usukani, nikusukumie."

Nilikataa kwa sauti ndogo mno, hakusikia. Akasukuma kwa mkono mmoja mpaka juu.

"Haya, panda uteremke."

Niliona aibu kumpita nikiwa nimeketi. Nikaikokota baisikeli nyuma yake mpaka alipokata kona ya kwao.