Nani Kasema Mwanahawa Hakuacha Familia?

Tangu asubuhi naisoma hii meseji ya msiba na akili inagoma. Mwanahawa? Mwanahawa wangu kafa?

Na chini ya jina lake mtu kaandika: "Marehemu hakuolewa na hakuacha familia."

Nimevuka miaka themanini, nachapa kwa kidole kimoja, na leo nina hasira. Nisomeni mpaka mwisho.

Tulijuana tukiwa wasichana, enzi za Mwingereza, kwenye kambi ya shamba la mkonge huku Korogwe. Baba yangu alikuwa Mnyamwezi aliyeletwa kukata mkonge. Mwanahawa alikuwa Mzigua wa Mkata, akiishi na mama yake, wadogo zake na mjomba wake. Baba yao alishafariki. Tuligawana ukuta. Mimi nikichapwa kwetu, yeye analia kwao.

Akaja Mzungu mmoja na fomu. Leo mngemwita mtafiti wa sosholojia. Sisi tulimwita Bwana Ukoo, maana kila mlango aliuliza nani kamzaa nani.

Kiswahili kilimpiga chenga, kwa hiyo alitembea na karani wa kambi kumtafsiria. Karani huyo alikuwa Mzigua mwenzao, mtu wa Handeni. Jina silitaji, ana wajukuu humu Facebook. Ila mjue kwamba alimtaka mama yake Mwanahawa, na mama alimkataa.

Nilikuwa nimesimama pale mlangoni. Mzungu akauliza baba wa watoto hawa ni nani. Mama akajibu kama Mzigua yeyote wa siku zile angejibu: "Baba yao ni huyu kaka yangu."

Mtu wa Handeni haulizi mara mbili. Kwao mjomba ndiye mwenye watoto. Analisha yeye, anaoza yeye. Karani alilijua hilo kuliko sisi wote, mwenyewe kalelewa na mjomba.

Akatafsiri neno kwa neno, tena anacheka. Mzungu akaiva uso kama pilipili, akaandika kwamba kaka kazaa na dada yake.

Fomu ikafika kwa meneja. Wiki haikuisha wakaambiwa watoke, kambi ni ya watu wenye familia. Nilimwona mama anashika njia ya Handeni na kinu kichwani, Mwanahawa nyuma kakumbatia kuku. Hakulia. Aliniambia tu, "Yule karani nitamuuliza swali lake."

Mama akafia Mkata, na aibu ile bado iko kwenye karatasi.

Miaka ikapita kidogo, Mwingereza bado yupo, akaja mtafiti mwingine, mwanamke. Huyu alikuwa na akili. Alitaka wasichana wanaojua kusoma waingie jikoni, kwa sababu mambo ya nyumba hayasemwi mbele ya karani. Tukapata kazi, mimi na Mwanahawa, ambaye alikuwa amerudi Korogwe. Nyumba ambayo Mwanahawa aliichagua kwanza mnaijua.

Karani alikuwa anaishi na dada yake mjane na watoto wa huyo dada. Mwanahawa akampa shikamoo yake vizuri kabisa, akavuta kigoda, akafungua fomu.

"Watoto hawa ni wa nani, mzee?"

"Wanangu hawa."

"Na mama yao?"

"Si huyu hapa, dada ya..."

Jamani! Ule uso natamani ningekuwa na simu wakati ule.

"Andika wapwa, mwanangu," akasema. "Tafadhali."

"Naandika ulivyosema, mzee. Si ndivyo kazi inavyofanywa?"

Nikamnong'oneza Mwanahawa aandike hivyo hivyo, karani naye akabebe kinu. Mwanahawa akafunga fomu, akamwambia, "Twende bombani kwanza." Wanawake wamepanga madebe, wote wanatazama. Karani akasema kwa sauti kwamba mama yake Mwanahawa alikuwa na familia, na kwamba yeye alitafsiri kwa ubaya akijua. Dada yake alikuwa pale, kainamisha kichwa. Ndipo Mwanahawa akaandika "wapwa".

Mimi ningemfukuzisha. Nilimwambia hivyo mpaka tumeota mvi, na kila mara ananiuliza, "Wale watoto wangelala wapi?" Mimi sijasamehe. Mama hakuwepo bombani kusikia.

Kazi ile ya fomu ndiyo ikawa maisha ya Mwanahawa. Alipofundisha vijana wa utafiti alikuwa mkali, wengine walimwita Mama Fomu. Aliwaambia, "Msiulize familia yako ni nani, mtaletewa cheti. Ulizeni, ukiugua, uji unaletwa na nani?"

Haya, nauliza. Miezi hii yote ya ugonjwa wake pale Old Korogwe uji ulikuwa unaletwa na nani?

Na Rehema, mtoto wa jirani aliyemchukua akiwa na miaka minne, akamsomesha, akamwoza. Na wadogo zake Rehema, ambao wote walikula kwa Mwanahawa. Na mimi, mguu mbovu hivi hivi, nikipanda basi toka Hale.

Sasa wewe katibu wa kamati ya mazishi uliyeandika ile meseji. Najua ulitaka kufupisha. Hata karani alifupisha tu.

Kesho tunazika Mkata, jirani na mama yake. Nitakuwepo na fimbo yangu. Utasimama mbele ya watu wote, kabla ya udongo wa kwanza, utasoma tangazo upya: ameacha binti, Rehema. Ameacha wanawe wengine, kwa majina, mmoja mmoja. Ameacha dada, mimi. Usiposoma, kaburi halifukiwi. Kaniulizie Korogwe nzima kama natania.

Mwanahawa, bombani ulinizidi upole. Kesho usinizuie.

Pumzika sasa, dada yangu. Fomu yako naijaza mimi.